Mwingiliano Uliotoka Sifuri

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Mwalimu Sifuri, na wala hakuchukia. Jina lilitokana na mazoea yake darasani. Akimaliza kukokotoa jambo ubaoni, alihamishia kila kipande upande wa kushoto, akavijumlisha, kisha akasubiri vifutane. "Ikibaki sifuri, nenda kalale," alikuwa akisema. "Ikibaki kitu, kuna mahali umejidanganya." Wakorofi wa viti vya nyuma waliongeza kwamba sifuri alizipenda mno, ndiyo maana alizigawa bure kwenye mitihani.

Alikuwa mwalimu msaidizi wa fizikia, na idara ilikuwa imeshamwambia wazi: asipopata shahada ya uzamivu kabla muhula haujaisha, mkataba wake hautaongezwa. Tasnifu yake ilihusu jambo ambalo hata walimu wenzake walilizungumzia kwa kuzungukazunguka. Kila chembe katika maumbile ina tabia inayoitwa spini. Ya mwanga ni moja. Ya mvutano unaoshusha jiwe chini, kwa mujibu wa nadharia, ni mbili. Spini tatu na kuendelea hakuna aliyewahi kuiona, lakini hesabu haikatazi iwepo. Kuandika uga wa spini tatu, yaani hesabu ya chembe za aina hiyo, ukiwa peke yake ni kazi ya siku chache. Kuufanya ukutane na mwenzake, wagusane, wasukumane, bila ulinganifu wa hesabu kuvunjika, hapo ndipo watu wamezeekea. Yeye aliamini amepata njia mbili za kuzigusanisha nyuga hizo. Mwingiliano mdogo aliuandika katika sura ya nne, na mwingiliano mkubwa katika sura ya tano.

Asubuhi ya utetezi wa tasnifu alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni ya dada yake, chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi pamoja. Kompyuta ilikuwa mapajani, dada yuko nyuma anasuka. Jana yake Profesa, msimamizi wake, alikuwa amempigia simu: "Weka mfano mmoja wenye namba. Wale wa idara nyingine wakiona namba wanatulia." Basi akachagua mfano mwepesi kuliko yote: chembe tatu zinakutana mahali pamoja, je, zinagusana kwa nguvu kiasi gani? Akauchukua mwingiliano mdogo, akaingiza thamani, akabonyeza.

Ikatoka sifuri.

"Tulia, mdogo wangu. Unanipindia mstari."

"Dada, subiri kidogo."

"Nisubiri nini? Nusu ya kichwa iko tayari, nusu nyingine kama brashi ya viatu. Hivyo ndivyo utakavyosimama mbele ya maprofesa?"

Alizigeuza chembe zije kutoka pande nyingine, akabonyeza tena. Sifuri. Akabadilisha tena. Sifuri.

"Kwani imetoka nini?" aliuliza mteja mmoja aliyekuwa anakausha nywele, akitoa kichwa chini ya kikaushio.

"Sifuri."

"Si ndiyo unayoipenda?"

"Siyo hii."

Akaziacha namba, akaanza kuusoma mwingiliano wenyewe, kipande kwa kipande, huku dada akimvuta kichwa nyuma. Kila chembe ina mshale wake kwenye hesabu, unaoonyesha inakwenda wapi na kwa nguvu gani. Chembe tatu zisizo na tungamo zikikutana, mishale yao ikijumlishwa haibaki kitu, na mishale yoyote miwili ukiizidisha jibu lake ni sifuri daima. Sasa aliona kitu ambacho macho yake yalikuwa yamekipita siku zote: katika sura ya nne hapakuwa na kipande hata kimoja ambacho ndani yake hapakuwa na mishale miwili iliyofungwa pamoja. Vyote vinakufa. Mwingiliano wake mdogo haugusanishi chochote.

Alijua ugonjwa huo unaitwaje, kwa sababu alikuwa ameuandika mwenyewe kwenye utangulizi kama onyo kwa wasomaji. Unaweza kuchukua nadharia ambayo nyuga zake hazigusani kabisa, ukaandika uga upya kwa vipimo vingine, na ghafla zikaonekana kama zinagusana. Ni mtu yuleyule aliyebadilisha shati. Na programu yake ya kompyuta isingeweza kumkamata mtu huyo, kwa kuwa ilipima jambo moja tu, kama ulinganifu umevunjika au la. Nadharia ya bandia haivunji ulinganifu. Ilikuwa imempa sifuri safi kila alipoiuliza, naye akaenda kulala.

"Una nini?" dada aliuliza. Vidole vilikuwa vimesimama.

"Sura ya nne imekufa."

"Imekufaje, na jana ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa imekufa tangu mwanzo. Mimi ndiye sikujua."

Dada alifunga msuko wa mwisho haraka, bila utani wowote, jambo ambalo lilimtisha mdogo wake kuliko maneno.

Kilichomchoma zaidi njiani kuelekea chuoni hakikuwa sura ya nne. Ilikuwa ya tano. Mwingiliano mkubwa aliupima kwa programu ileile tu. Ulikuwa na vipande vingi vilivyojaza kurasa, na kompyuta yake ingehitaji siku nzima kuvifungua vyote. Kama nao ni bandia, basi tasnifu nzima ni jalada na shukrani.

Profesa alikuwa ofisini anahangaika na tai mbele ya kioo cha dirisha.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona uso huo? Mtahini hali watu."

Akampa karatasi aliyonakilia hesabu ya asubuhi. Profesa aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, kisha akaisoma tena. Tai ilibaki imening'inia upande mmoja.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna."

"Basi ikae hivyo." Alisema bila kuinua macho. "Wamesoma, wameridhika. Leo utapita. Marekebisho yana wakati wake."

"Na mtahini wa nje akiuliza?"

"Akiuliza, utajibu. Asipouliza, usimfundishe. Yule mama ukimpa uzi mmoja atavuta nguo yote. Atakwenda moja kwa moja sura ya tano, na sura ya tano hujaipima. Au umeipima?"

"Bado."

"Umeona? Mtu hajichimbii kaburi akiwa amesuka vizuri hivyo."

Hakucheka. "Profesa, najua ni uongo. Nitasimamaje niueleze?"

Profesa alikunja karatasi, akaikunjua. Sauti yake ilishuka. "Unajua kwamba sura hiyo ya nne niliisoma mimi kwenye mkutano kule ng'ambo. Watu walisimama kunipa mkono. Kwa hiyo usidhani nakushauri wewe peke yako hapa. Najishauri na mimi." Akarudi kwenye kioo na tai yake. "Twende. Wanatusubiri."

Ukumbi ulikuwa mdogo, projekta inanguruma, mapazia yamevutwa ila moja lililong'oka ndoano. Mkuu wa idara alikaa katikati, saa yake ikiwa mezani. Mtahini wa nje alikuwa kwenye skrini, mama mwenye miwani mizito, midomo yake ikitangulia sauti kidogo. Dada alikuwa safu ya nyuma, ndani ya gauni alilolitunza kwa harusi za watu, mkoba umekumbatiwa kifuani.

Mwalimu Sifuri alianza vizuri. Alieleza spini, alieleza ulinganifu, alieleza kwa nini waliotangulia walikwama. Sauti ilikuwa yake ya darasani. Kisha slaidi ikafika yenye kichwa cha sura ya nne, naye akanyamaza.

Mkuu wa idara alitazama saa. Profesa alitazama kalamu yake.

"Kabla sijaendelea," alisema, "mwingiliano ulioandikwa hapa ni wa bandia. Unaondoka wote ukiandika uga kwa vipimo vingine. Nimegundua leo asubuhi."

Viti vililia. Mkuu wa idara aliinama mbele. "Unatuambia tasnifu yako ina makosa?"

"Hesabu ni sahihi, mkuu. Maana niliyoipa ndiyo kosa."

"Na ulitaka tufanye nini na habari hiyo?"

Skrini ilikohoa. "Uligunduaje?" aliuliza mtahini wa nje.

Akaeleza mfano wa chembe tatu. Mtahini alisikiliza bila kutikisa kichwa. Alipomaliza, swali likaja lilelile ambalo Profesa alikuwa amelitabiri.

"Na sura ya tano?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijaipima kwa njia hii."

"Hapo ulipo pana ubao?"

"Upo."

"Pima."

Mkuu wa idara aliingilia. "Samahani, mtahini, nadhani kompyuta inahitaji muda mrefu ku..."

"Simwombi kompyuta. Kipande chochote chenye mishale miwili iliyofungwa pamoja akifute. Mwishoni tutaona kama kimebaki kitu. Kikibaki, tunaendelea. Kisipobaki, mimi naenda kunywa chai na nyinyi mnaenda nyumbani."

Alichukua chaki. Vipande vilikuwa vingi, na ili kuvinakili alipaswa kurudi kwenye meza kila mara kutazama tasnifu. Aliandika kimoja, akarudi. Akaandika cha pili, akarudi. Kila alipoufikia ubao alikuwa ameshasahau nusu ya herufi za chini. Hapo kiti cha mbele kilisogezwa. Profesa aliinuka, akaichukua tasnifu mezani, akaifungua sura ya tano, akasimama kando ya ubao na kuanza kumsomea.

"Wa kwanza na wa pili wamefungana," alisoma.

"Futa," alijibu, akapitisha mkono.

"Wa pili na wa tatu."

"Futa."

"Wa kwanza na yeye mwenyewe."

"Futa."

Wakaenda hivyo, mmoja anasoma, mwingine anaandika na kufuta, na ubao ukazidi kuwa mtupu. Dada, ambaye hakuelewa alama hata moja, alikuwa ameshaelewa jambo lenyewe. Kila mdogo wake aliposema futa, alikaza mkoba. Mtu mmoja wa safu ya pili alimnong'oneza mwenzake, "Anafuta kazi yake mwenyewe," na dada akageuka akamtazama hadi akaangalia sakafu.

Kurasa ziliisha. Ubaoni vilibaki vipande viwili.

"Vimebaki viwili," alisema Mwalimu Sifuri.

"Nimeviona," alisema mtahini. "Sasa ifanye chembe ya kwanza iwe ya pili, na ya pili iwe ya kwanza. Chembe ni za aina moja, jibu halipaswi kujali nani ametangulia."

Akabadilisha. Spini tatu ni namba witiri. Kila chembe mbili zikibadilishana nafasi, ishara inageuka. Kipande cha kwanza kikawa sawasawa na cha pili, ila kina alama ya kutoa mbele yake. Kwa hiyo ukivijumlisha, vinafutana.

Projekta iliendelea kunguruma. Alivitazama vipande viwili na kuona shahada, mkataba, miaka yote, vikikaa kwenye nafasi ndogo kati ya chaki na ubao. Mkono wa kufutia ulikuwa tayari umeinuka. Akaushusha.

"Profesa," alisema polepole, "kizidishi cha mbele kiko wapi?"

"Kizidishi gani?"

"Chembe si moja iliyorudiwa. Niliweka nyuga tatu, kama ndugu watatu. Kuna kizidishi kinachosema nani anagusana na nani, kiko mbele ya kila kipande. Sijakiandika."

Profesa alisogeza kitabu karibu na macho. Masikio yalimwiva. "Kipo," alisema. "Sikukisoma. Kilikuwa kwenye kila mstari, nikaona kinachosha."

"Na kizidishi hicho ukibadilisha ndugu wawili kinafanya nini?" aliuliza mtahini, na kwa mara ya kwanza alisogea karibu na kamera.

"Kinageuza ishara." Alikuwa ameshaanza kuandika. "Ishara inageuka kwa spini, inageuka tena kwa kizidishi. Hasi mara hasi. Havifutani, vinajumlishana."

Akaandika jumla, akaizungushia duara, akasogea kando ili skrini ione. Mtahini wa nje aliitazama kwa muda mrefu, akivua miwani na kuivaa.

"Hicho hakitoki," alisema. "Huo ni mwingiliano."

Waliambiwa watoke nje ili wakubwa wajadiliane. Kwenye korido dada alimfuta chaki shavuni kwa nguvu, kama anamfuta mtoto.

"Hivi ungenyamaza tu, si ungepita?"

"Labda."

"Na hii iliyobaki ubaoni, ungekuwa unajua ni ya kweli?"

"Hapana. Ningekuwa nadhani."

Dada alifikiri. "Basi sawa. Lakini umenikondesha."

Mlango ulipofunguliwa, mkuu wa idara alisoma uamuzi kwa sauti kavu. Amefaulu, kwa masharti. Sura ya nne iondolewe, sura ya tano iandikwe upya pamoja na kipimo cha ubaoni, na mtahini wa nje aisome tena yote kabla ya shahada kutolewa. Kuhusu mkataba, idara itangoja barua ya mtahini. Isipofika kabla ya muhula kuisha, idara haina la kumsaidia. Muhula ulikuwa unakaribia ukingoni.

"Kwa hiyo umepita au hujapita?" dada aliuliza pale nje.

"Nimepita, ila nimepungua."

Profesa alikuwa wa mwisho kutoka. Alikuwa bado ameishika tasnifu, kidole kikiwa ndani ya sura ya nne. Aliwaacha watu watangulie.

"Wale wa mkutano," alisema, "inabidi waambiwe. Tukae kesho asubuhi tuandike kwamba matokeo yale hayapo tena."

"Sawa, Profesa. Nitaandaa maelezo ya mfano. Jina langu litangulie? Kosa ni langu."

"Hapana. Anza na langu," alisema Profesa, akimrudishia kitabu. "Wewe kosa uliliandika tu. Mimi ndiye niliyesimama nikalisema kwa sauti."