Mifuko ya Kijani

Siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila niikumbukapo masikio hunipata moto. Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kidogo cha sabuni hapa Magongo, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na majibu mengi kuliko maswali.

Serikali ilikuwa imetangaza kupiga marufuku mifuko ya plastiki, nasi sabuni zetu tulizipakia kwenye mifuko hiyo hiyo. Tajiri, mwenye kiwanda, akarudi kutoka mkutano na maofisa, akaniambia, "Sasa twenda kijani. Tafuta mifuko ya kijani." Nikaagiza. Plastiki ile ile, ila ina rangi ya majani.

Mama Kadzo, msimamizi wa akina mama wapakiaji, aliugeuzageuza mmoja. "Mwanangu, kijani gani hiki? Umemuuliza tajiri?"

"Kijani ni kijani, mama."

Sheria ilipoanza, mkaguzi akaja, akaitazama mifuko yangu, akacheka: "Kijani ni kisichochafua mazingira, si rangi." Kisha akafunga kiwanda mpaka tupate vifungashio vingine. Akina mama wakarudi makwao bila kibarua, kwa ujuaji wangu.

Nilimwendea Mama Kadzo kwake Mikindani kuomba radhi. Akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha mfereji uliozibwa na mifuko. "Mvua ikija, maji haya yaingia walalapo wajukuu wangu. Wewe waagiza tu, huulizi kitu chatoka wapi wala chenda wapi. Kuuliza si ujinga."

Basi nikaanza kuuliza. Nikauliza wenye maduka: tukiwaletea sabuni kwa maboksi, mtaturudishia matupu? Wakakubali, na lori lililokuwa likirudi bure likarudi na maboksi. Mwanzo yalitugharimu zaidi, nami nililalamika. Baadaye tukawa twanunua machache, na oda zikaongezeka. Mpaka leo najiuliza: ni sheria iliyotuponya, au ule mfereji? Pengine sheria hugonga tu mlango, kufungua ni juu yako.

Lakini kiwanda kilipofunguliwa, akina mama wawili hawakurudi. Walipata kazi kwingine au walilala njaa, sijui. Hilo sikuuliza, na laniuma.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa neno jipya, uliza maana yake. Ukipewa kitu, uliza kimetoka wapi, kitaishia wapi, na kwa mlango wa nani. Mola akupe uso mkavu wa kuuliza, na riziki yako isizibe mfereji wa mwenzio.