Nilijificha Blantyre, wafumaji wa zamani wakanisoma mdomo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza.

Asubuhi moja niliamka Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, miguu inawasha. Nikabeba begi. Jirani yangu Mama Furaha, mtu wa Bukavu, akaniona.

"We naye, uko naenda wapi tena?"

"Ntajua nikifika."

"Na karatasi ya kutoka kambini?"

Sikuwa nayo. Akacheka. "Basi ufunge kinywa yako huko."

Lilongwe stendi nikakuta basi la Blantyre linaita watu. Nikapanda. Shule niliacha mapema, ila kuchungulia miji ya watu sijaacha.

Blantyre ulikuwa mji wa viwanda: nguo, viatu, mablanketi. Sasa ghala nililochungulia lina mbolea, na jengo la pili ni kanisa. Boliti za mashine bado zimo sakafuni, viti vya plastiki vimepangwa kuzikwepa.

"Mitumba ilikuja, mashine zikauzwa chuma chakavu," mlinzi aliniambia, kama anayenielekeza choo.

Jioni ikawa shida ya malazi. Gesti wanataka kitambulisho, na changu kinasema mkimbizi. Nikikamatwa, ni polisi kwanza, kambini baadaye.

Nikaelekezwa mtaa wa Ndirande kwa bibi mmoja anayepangisha vyumba. Zamani alifuma vitambaa kiwandani. Nilimkuta barazani, nikamnong'oneza kwa Kichewa changu cha soko la Kawale, kule Lilongwe: "Amayi, natoka Dzaleka. Sina kibali."

"Masikio yangu yalibaki kwenye mashine! Geukia mwanga, nione mdomo."

Nikasimama kando yake, nikageukia barabarani kwenye mwanga, nikarudia kwa midomo tu.

"KUMBE WA DZALEKA!"

Nikashika begi nikimbie. Ng'ambo ya barabara, mzee mshona viatu akanyoosha mkono, akaanza kuchezesha vidole hewani. Bibi akamjibu kwa vidole. Wakacheka wote wawili.

"Amayi, mbona unapiga kelele? Watu watasikia!"

Ilibidi nirudie, midomo tena.

"Asikie nani? Mtaa huu wote tulikuwa zamu moja. Mle kiwandani sauti haikupita, tuliongea kwa midomo na mikono. Huyo amekusoma toka kule."

"Anasemaje?"

"Nisikupe chumba cha mbele, polisi hupita hapo. Chukua cha nyuma."

Nikachukua cha nyuma.

Nilichojifunza: nilizunguka mchana kutwa nikitafuta kiwanda kwenye majengo, kumbe kimebaki kwenye masikio na vidole vya watu.

Waliokulia Kalemie, Morogoro au Thika, wazee wenu wa viwandani nao huongea hivi? Tiririkeni hapa chini.