Dawa ya Fangasi Wasiokuwepo

Juzi, kwenye duka la dawa Manyoni, mama mmoja wa Kintinku aliweka cheti cha daktari mezani. Binti muuzaji akamwamkia, kisha akamhesabia dawa za rangi mbili, zile za kuua bakteria, za jipu la jino la mumewe.

"Na ile ya fangasi," mama akasema.

"Kwani baba ana fangasi?"

"Hana. Ndiyo maana naitaka."

Binti akacheka. Mama akagusa tumbo lake, chini ya kitovu. "Mzee wangu figo zimekufa. Anasafishwa damu kwa maji yanayopita kwenye mrija hapa. Mwaka juzi alimeza rangi mbili bila ya fangasi, fangasi wakaota tumboni, mrija ukatolewa, akalazwa Dar miezi hadi akawekewa mwingine. Kila treni ya kutoka Dar ilipopiga honi, nilisonga ugali wa watu wawili. Hakushuka. Nusu nikampa mbwa."

Rafu zilijaa manukato na krimu. Soko huria limetuletea kila tusichokiulizia. Dawa ya fangasi haikuwepo.

Mama akazirudisha zile za rangi mbili. "Nitazifuata zote Dodoma, leo hii."

"Mama, si usubiri wiki ijayo, mzigo ukija?"

"Mbwa amenenepa vya kutosha, mwanangu."