Uvimbe Ulipungua, Watu Je?

Gaesang Molatlhegi amepiga simu za kazi kwa muda mrefu hivi kwamba sikio lake la kushoto humwasha hata siku za mapumziko. Ni muuguzi katika hospitali moja ya Gaborone iliyokuwa ikijaribu dawa mpya ya saratani ya mlango wa kizazi. Wenzake walichoma sindano na kupima damu. Yeye aliachiwa wanawake waliokwisha kumaliza matibabu na kurudi kwao vijijini, Moshupa, Thamaga na Kanye. Alitakiwa kujua nani yu hai na nani amefariki. Katika utafiti hakuna kazi inayochosha kuliko hiyo, wala inayodharauliwa zaidi.

Nitaeleza kwa nini ilikuwa muhimu, kwa sababu wakubwa wetu hawapendi kuieleza. Kungoja hadi ijulikane kama dawa imerefusha maisha huchukua miaka. Kwa hiyo watafiti hupima kitu cha karibu zaidi: baada ya miezi michache hupiga picha na kutazama kama uvimbe umepungua. Ukipungua, wanasema mgonjwa ataishi zaidi. Huenda ni kweli. Lakini kipimo cha badala hakina budi kuthibitishwa kwa kile kinachokiwakilisha, yaani uhai wenyewe, na hapo ndipo simu za Gaesang zilipohitajika.

Dawa mpya ilipunguza uvimbe kwa wanawake wengi kuliko dawa ya zamani. Tena, kwa mujibu wa simu zile, karibu wote waliopungukiwa na uvimbe walikuwa hai. Kamati ya serikali inayoidhinisha dawa ilikuwa ikikaribia kukutana, na Daktari Nthobatsang, kiongozi wa utafiti, alikuwa ameanza kutabasamu koridoni.

Gaesang naye alikuwa na sababu yake ya kuingoja kamati. Dada yake mkubwa, Kebonye, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa na ugonjwa uleule, na mionzi ilikuwa imeshindwa. Dawa ingekubaliwa, angeipata hospitali ya serikali.

"Hiyo kamati yenu inakutana au inakula maandazi tu?" Kebonye alikuwa akimuuliza kila jioni.

"Inakutana, dada. Vumilia."

"Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umenichoka."

Jumamosi moja Gaesang alikwenda Moshupa kwenye mazishi ya shemeji wa shangazi yake. Walizika alfajiri kama kawaida, wakala nyama ya kupondwa na ugali wa mtama, na kabla ya kurudi mjini akaona ni utovu wa adabu kupita bila kumsalimu Bonyana, mmoja wa wanawake wake wa simu. Uvimbe wa Bonyana ulikuwa umepungua kuliko wa wote.

Alimkuta mumewe, Rra Keoagile (huko mwanamume huitwa Rra na mwanamke Mma kwa heshima), ameketi kwenye kigoda, na kwenye mkono wa koti lake kimeshonwa kipande cha kitambaa cheusi. Gaesang alikiona, akajua ni cha msiba.

"Karibu, Mma. Wewe ndiye yule wa simu? Sauti nimeitambua. Tulifurahi sana, hukutusahau."

"Bonyana, Rra?"

Mzee alielekeza kidevu upande wa makaburi, ambako juu ya kila kaburi wavu wa kivuli ulitandazwa kwenye fremu ya chuma. "Tulimzika kabla ya msimu wa kulima."

"Lakini nilipiga simu mwezi uliopita! Ukaniambia nyumbani ni wazima!"

"Uliniuliza habari za nyumbani, nikakujibu. Tulikuwa wazima, sisi tuliobaki."

"Ungeniambia, Rra!"

"Kwenye simu?" Mzee alimkazia macho. "Nikutupie msiba sikioni, pengine umesimama katikati ya barabara, huna wa kukushika mkono? Mimi sikulelewa na mbuzi, Mma. Nilisema nawe, njoo ututembelee. Sikusema?"

Alisema. Walisema hivyo wote aliowapigia. Gaesang alikuwa akidhani ni ukarimu, akijibu kwamba atakuja, Mungu akipenda. Naye pia hakuwahi kuuliza moja kwa moja kama mgonjwa amefariki, maana ni binti gani aliyefunzwa kwao angeliuliza hivyo kwa simu? Alisalimu, akasalimiwa, akaandika kwamba mgonjwa yu hai.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akilipanga jambo lile kichwani. Wanawake ambao uvimbe wao haukupungua walirudi wodini wakafia mikononi mwa wauguzi, na vifo vyao vikajulikana. Waliopungukiwa na uvimbe waliruhusiwa kwenda nyumbani, na huko hospitali iliwafuata kwa simu tu. Ndiyo maana walionekana hai. Hospitali ile ilikuwa na pesa za kuagiza mashine ya picha kutoka ng'ambo, lakini ilimnyima muuguzi gari la kumfikisha Moshupa. Mimi naliita jambo hilo aibu.

Jumatatu alimweleza Daktari Nthobatsang. Daktari alivua miwani akajisugua macho.

"Nyumba zote, Mma? Utazizungukia zote?"

"Nitazizungukia."

"Kamati itaahirishwa. Na unajua nani anaingoja."

"Najua, Daktari. Nimempikia uji asubuhi hii."

Daktari alitoa funguo mfukoni. "Chukua gari langu," akasema. "Breki ya mkono haishiki. Uegeshe penye tambarare."

Akazunguka wiki baada ya wiki, vumbi kooni na kiuno kikimuuma. Penye msiba alikaa chini, akaomba pamoja nao, akanywa chai, kisha ndipo akauliza tarehe. Nyumba nyingine zilikuwa zimefungwa, wenyewe wako mashambani au kwenye zizi la ng'ombe, naye akawafuata hukohuko. Alipomaliza, hesabu ilisema wazi: waliopewa dawa mpya walikufa karibu sawa na waliopewa ya zamani. Uvimbe ulipungua kweli. Maisha hayakuongezeka; kilichoongezeka ni kutapika na vidonda vya mdomo. Daktari aliipeleka hesabu hiyo kwenye kamati kama ilivyo, na kamati ikaikataa dawa.

Jioni ile Gaesang alimkuta Kebonye amejifunika blanketi, redio imezimwa.

"Imekataliwa," Kebonye alisema. "Nakuona usoni."

"Imekataliwa, dada."

"Kwa sababu yako."

"Ndiyo."

"Nimekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, na dawa yangu unaiua wewe!" Alikohoa, akapumzika, akaanza tena. "Inapunguza uvimbe au haipunguzi?"

"Inapunguza."

"Basi?"

"Bonyana wa Moshupa, uvimbe ulimpungua ukabaki kama punje ya mahindi, dada. Akafa wakati uleule ambao angekufa hata bila dawa hiyo, mdomo wote vidonda, hata maji hayapiti. Mumewe alinieleza kwa kirefu."

Kebonye alivuta blanketi hadi kidevuni. Nimewasikia watu wakisema mgonjwa apewe matumaini, hata ya uongo. Wanaosema hivyo ni wazima, na wengine wao huuza dawa. Mtu anayekufa ana haki ya kujua anachouziwa.

"Ungekuwa wewe, ungekubali kuchomwa?" Kebonye aliuliza.

"Nisingekubali."

"Ungenidanganya ningekujua. Hujui kudanganya, tangu utoto pua inakucheza." Akanyoosha mkono, akautia kwenye goti la mdogo wake. "Bado nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka Ijumaa. Sasa kawaulize hao wenye hospitali dawa ya maumivu, ile ya maji, wanipe ya kutosha. Sitaki kulia usiku kama ndama."

"Nitaileta kesho."

"Kesho utalala, ulivyochoka hivyo. Ilete keshokutwa."

Gaesang aliileta kesho yake, kabla ya saa nne.