Taa ya Boti ya Mwandawiro

Zamani Mdawida, Mtaita wa hapa kwetu, mwenye kinyongo na marehemu hakugusa kitu chake kabla ya kutasa, yaani kujaza maji kinywani, kuyatema chini na kuitaja hasira yake kwa sauti, isije ikamdhuru yeye na walio naye. Siku hizi anaunganisha betri na kuwasha.

Titus alikuwa fundi wa umeme wa magari hapa Voi, mzaliwa wa Marungu. Nusu ya maisha yake aliimaliza chini ya malori. Stata aliisikiliza kwa bisibisi aliyoibana sikioni, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Jumapili aliimba besi kanisani. Hakuwa mtu mbaya, ila hakukubali kuambiwa, hata na kaka yake.

Huyo kaka, Mwandawiro, alikuwa na boti ndogo ya fiba Ziwa Jipe, ya kuvulia na kuwatembeza wageni. Titus ndiye aliyeifungia nyaya. Mwandawiro akazitazama, akasema, "Boti si lori." Titus akanuna, na hawakusemezana tena. Mwaka jana injini ilizimika katikati ya ziwa, kiboko akaipindua boti, Mwandawiro akafa maji.

Gertrude, mjane wake, hakuachiwa shamba wala mbuzi, aliachiwa boti. Lakini injini iliwaka vizuri ufukoni na kuzimika majini, na taa ya mbele ilijiwasha mchana kweupe, swichi ikiwa imezimwa. Wavuvi wakakataa kuipanda. Asingepata mtu wa kuiendesha, asingekula. Akamwita Titus, nami nikafuatana naye kwa kuwa nilikuwa rafiki wa baba wa hao ndugu wawili.

Gertrude alitupokea na kibuyu cha maji.

"Shemeji, tema hasira kwanza."

"Shemeji, mimi ni mzee wa kanisa. Nimekuja na bisibisi."

"Na mdomo hukuja nao?"

Titus akacheka, akafungua kifuniko cha injini. Mimi sikucheka. Vijana wetu hata neno lenyewe, kutasa, hawalijui.

Betri ilikuwa nzima. Fyuzi zilikuwa nzima. Akaufuata waya kwa taa yake ya kupimia mpaka chini kabisa, penye maji machafu, na hapo akainama asiinuke. Nikasogea nikaona. Kwenye lori waya mmoja hupeleka moto, yaani umeme, na bodi ya chuma huurudisha kwenye betri. Boti ya fiba haina chuma hicho, kwa hiyo Titus alikuwa ameweka ukanda wa chuma sakafuni mwa boti ufanye kazi ya bodi, akaukaza kwa bolti. Ile bolti ilikuwa imeliwa na maji, kijani kama kuvu. Boti ikiyumba, moto unakatika, au unapotea njia na kuiamsha taa. Alijua sasa kilichomzimia kaka yake injini, nami nilijua.

"Umepata?" Gertrude aliuliza.

"Waya wa betri ulikuwa umelegea tu," alisema Titus, na bolti akaitia mfukoni.

Akavuta waya mpya kutoka injini hadi betri, kazi safi. Taa ya mbele akaikata, akaiweka nyasini karibu na mguu wangu, na kipande cha waya kikining'inia. Upepo ulikuwa umekufa. Ndege wa kwenye mafunjo, ambao huwa hawanyamazi, walikuwa wamenyamaza.

Gertrude akaleta kibuyu tena. "Maji bado yapo, shemeji. Sema tu, mimi sitakuuliza lolote."

Titus alikipokea, akakiinamisha, akanawa grisi mikononi.

Injini iliwaka mara moja. "Panda uone mwenyewe," alimwambia. "Tunageuka pale kwenye mafunjo, tunarudi." Gertrude alinitazama kidogo, kisha akapanda. Nani mwingine angemwendeshea?

Walipoacha ufuko, taa iliyokuwa nyasini iliwaka. Nikaiokota. Ilikuwa baridi, na ule waya wake haukugusa kitu. Nikamwita Titus kwa jina. Aligeuka, akaiona mkononi mwangu, na mkono wake ukaenda mfukoni, kwenye ile bolti.

Injini haikukohoa hata kidogo. Mlio wake ulikuwa sawasawa, wa kitu kisicho na kasoro, ukaendelea kufifia. Walifika kwenye mafunjo. Gertrude alikuwa amekaa mbele akilitazama ziwa, Titus nyuma akinitazama mimi na ile taa, na boti haikugeuka. Hivyo ndivyo nilivyowaona mara ya mwisho.