Maganda Mia na Tatu ya Chokaa

Ule mtaa ulikuwa mkongwe kiasi kwamba hata panya wake walikuwa na mvi. Humo alikuwamo mwanamke ambaye watu walikwisha kusahau jina lake, wakimwita Bibi Chokaa tu. Kila mwaka mvua zikikata, nyumba zote zilipakwa chokaa, na mpakaji alikuwa yeye, miaka hamsini na moja mfululizo. Mikono ilimpauka mpaka viwikoni. Akimimina chai ya rangi, kikombeni ilifika ya maziwa.

Nyumba yake ndiyo ilikuwa roho yake. Baba mkwe wake aliijenga kabla mtaa haujapata hata kisima. Kila mwaka, kabla ya kupaka, aliukwangua ukuta wote hadi kwenye jiwe, akauosha, ndipo akaupaka upya. Ulikuwa laini hivi kwamba nzi akitua aliteleza, akavunjika kiuno.

Ng'ambo ya kichochoro, hatua sita tu, alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Nyumba ile baba mkwe alimjengea bintiye baadaye sana. Siku Bibi Chokaa anaingia mtaani bi harusi, kuta zake zilikuwa mbichi bado. Lakini baraza iliyojaa watu ilikuwa ya wifi. Hata mume, Mungu amrehemu, akitoka kazini alipitia kwanza kwa dada yake, akafika nyumbani kicheko chote kimeishia huko. Bibi Chokaa alikuwa akikaa dirishani na chakula kinapoa, akisikiliza kicheko chake kikiliwa na mwingine.

Basi siku moja asubuhi akaja mwanamke wa makumbusho, na kisu kidogo na kioo cha kukuzia. Akasema nyumba kongwe kuliko zote mtaani itawekewa kibao cha shaba mlangoni, na wageni watapita kuitazama. Bibi Chokaa akaanza kumsimulia habari za baba mkwe na kisima. Yule mama akamkatiza kwa adabu. Masimulizi alikwisha kuyasikia, alisema, na mtaa mzima kila mtu nyumba yake ilitangulia jua. Yeye angeuliza kuta. Kwa kuwa kila nyumba hupakwa mara moja kwa mwaka, angebandua kipande cha chokaa, ahesabu maganda kama ya kitunguu, na mwenye mengi ndiye mkongwe.

Akaanzia kwa Bibi Chokaa. Akabandua, akatazama, akageuza kioo, akatazama tena. Ganda moja.

"Bibi, nyumba yako ni ya mwaka huu," alisema.

Kichochoro kizima kikacheka, na wifi akacheka akishikilia mlango.

Kwa wifi kisu kilizama mpaka mpini. Ukuta ule ulikuwa umenenepa hata mlango ukawa unapitwa kiubavu. Yule mama akahesabu, akakaa chini, akahesabu tena. Mia na tatu. Akaagiza fundi wa kibao aje siku ileile.

Wivu ukampanda Bibi Chokaa kutoka magotini hadi kwenye meno. Maganda yale aliyajua yote, maana aliyapaka mwenyewe. Kila mwaka alimpakia wifi juu kwa juu, bila kukwangua hata kidogo, ili ukuta wake usije ukang'aa kama wa kwake. Akisema, kibao hakitabandikwa kwa wifi. Lakini akisema, miaka hamsini na moja ya ufundi wake inaingia ndoo ya maji machafu, mbele ya wateja wote.

Akamwangalia wifi akipangusa mahali pa kubandika kibao kwa pindo la kanga. Kwisha.

"Mwanangu, hayo maganda si miaka," alimwambia yule mama. "Kwa wifi nimelipua kazi makusudi tangu nilipoolewa. Na yeye alikuwa ananiita mara mbili kwa mwaka. Nyumba hii nimeikuta mbichi."

Mwenye duka akautazama ukuta wake kwa wasiwasi.

"Nilijua unalipua," wifi alisema taratibu. "Kwani mimi kipofu? Nyumba yako inang'aa, yangu imevimba kama jino. Ndiyo maana nikakuita mara mbili, wifi yangu. Nilitaka uchoke ufe kabla yangu."

Mwanamke wa makumbusho akafuta zote mbili daftarini. Akauliza kama kuna ukuta hata mmoja uliopakwa kawaida. Bibi Chokaa akafikiri sana, akawaza ni nani mtaani ambaye yeye hakumpenda wala kumchukia. Akamtaja muuza nyama wa pembeni. Maganda sitini na mawili. Kabla ya adhuhuri kibao kilikuwa mlangoni kwa muuza nyama, naye amesimama chini yake na aproni yenye damu, akijipigisha picha, kidevu juu.

Bibi Chokaa hakuweza kukaa kwake. Akavuka zile hatua sita, akajitupa barazani kwa wifi, mara ya kwanza tangu matanga ya mumewe. Wifi akamsogezea mto.

"Umeona anavyosimama?" wifi aliuliza.

"Namwona. Utadhani kajenga yeye."

"Na mwakani utampaka mara ngapi?"

"Mwakani," alisema Bibi Chokaa, "nitamkwangua hadi kwenye jiwe."