Mulezi Aliyekataa Kulaza Mutoto Chini

Mwaka wa 2002, nikiwa na miaka makumi tatu na ine, lava ya volkano ilikula duka langu na nyumba yangu. Bwana alienda Butembo kutafuta maisha, akayapata kwa mwanamuke mwingine. Nikabaki na mutoto wa miezi saba, niliyemungoja miaka kumi.

Shule niliacha primere ya tatu, lakini kununua najua. Nikapata parseli, kiwanja cha bei ya chini, upande wa Mugunga, mu shimo, upepo haufiki. Nikasimamisha nyumba ya mabao.

Asubuhi nilienda soko kuuza maharagi, mutoto nikamwachia mule nyumbani mujane mumoja wa kilimani pale. Nilimwambia amulaze kwa mukeka. Kila nikirudi, mutoto iko mugongoni, mukeka umekunjwa. Kisha mutoto akaanza kunikataa, anamulilia yeye. Muuzaji mwenzangu akacheka: "Mama, mutu asiyeshusha mutoto wa mwenzake, siku moja atamubeba moja kwa moja."

Nikajifanya naenda soko, nikarudi, nikachungulia kati ya mabao. Mulezi, mutoto mugongoni, alikuwa anashusha buji, mushumaa unaowaka, polepole karibu na mukeka. Moto ukazimika. Hakuna upepo, hakuna aliyepuliza. Akawasha tena.

Nikaingia na ufagio. "Muchawi! Unaloga mutoto wangu?"

Hakushituka. "Utanipiga kisha, mama. Kwanza shika buji, inama wewe mwenyewe."

Nikainama. Usawa wa magoti moto ulikuwa muzima. Karibu na chini ukakufa, na kichwa kikanizunguka.

"Ni mazuku," akasema. "Hewa mubaya ya mu udongo. Asubuhi inajaa mu mashimo. Kila siku napima imefika wapi. Wangu nilimulaza chini, nikamukuta amekufa. Nyinyi, kitanda chenu cha juu ndicho kinawaponya."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ukasema sisi watu wa Mugunga tunakuonea wivu parseli."

Kweli nilisema hivyo. Nikaweka ufagio chini.

Wiki hiyo tulibomoa nyumba, ubao kwa ubao, tukaipandisha kilimani karibu na yake. Mutoto alikulia kati ya milango miwili. Leo ni mwanaume, na chakula bado anaanzia kwa mulezi.

Mimi niko na nyumba mbili za mawe, duka la maharagi na unga, chukudu tatu za mbao za kubebea mizigo, mbuzi saba. Na lile shimo. Nimelizungushia mawe, siuzi.